Paka, Panya na Tofali: Maisha ya George Herriman

Tarehe 26 Julai 1910, gazeti la New York Evening Journal lilitoa kibonzo cha familia ya Dingbat, kama lilivyokuwa likifanya tangu mwezi uliotangulia. Bwana Dingbat na mkewe walikuwa wakihangaika na karaha za nyumba ya kupanga. Chini kabisa, miguuni pao, palikuwa pamebaki nafasi ndogo. Mchoraji akaijaza: panya akamrushia kitu paka wa nyumba ile, kikampata kichwani. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akiziba pengo tu. Paka alikuwa mweusi na panya mweupe, na ugomvi wao ule wa chini ya sakafu uliendelea kuchorwa kwa miaka 34, hadi siku mchoraji alipofariki dunia.

Jina lake George Joseph Herriman, na paka wake ndiye Krazy Kat. Waulize wachora vibonzo wa Marekani waliokuja baada yake, kuanzia Charles Schulz aliyemleta Charlie Brown hadi Bill Watterson aliyewachora Calvin na Hobbes, na jina lake halikosekani kati ya watu waliowatangulia na kuwafungulia njia. Hata hivyo, leo anayetajiwa Herriman kwa mara ya kwanza huelezwa zaidi habari za siri aliyokwenda nayo kaburini, kwamba alizaliwa katika familia ya watu weusi na akaishi kama Mzungu. Habari hizo ni za kweli na ni nzito. Ila mimi naona zimesimuliwa kana kwamba Herriman alikuwa amejifungia chumbani na kimya chake. Mtu huyu aliyafikiria mambo ya rangi hadharani, kwa wino, mbele ya wasomaji wa magazeti, na wasomaji wakacheka bila kujua wanachokitazama.

Alizaliwa New Orleans tarehe 22 Agosti 1880. Wazazi wake walikuwa Wakrioli wa rangi, jamii ya machotara waliokuwa Wakatoliki, wengi wao wakizungumza Kifaransa. Baadhi ya familia hizo zilikuwa huru tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Walikuwa mafundi: washona nguo, washona viatu, vinyozi, waashi. Babu yake Herriman alikuwa fundi cherehani. Katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto George, karani wa jiji aliandika kwamba ni mtu wa rangi, na katika sensa ya mwaka huohuo wazazi wake wakahesabiwa kuwa machotara.

Maandishi hayo yalikuwa na uzito wake. Watu wa jamii hiyo walikuwa wameonja haki za uraia baada ya vita, wakapiga kura na kushika nyadhifa, kisha wakaanza kunyang'anywa kidogo kidogo. Mwaka 1890 bunge la Louisiana lilipitisha sheria ya kuwatenga weusi na weupe katika mabehewa ya treni. Homer Plessy, mshona viatu Mkrioli mwenye sura ya Mzungu, alipanda behewa la weupe mwaka 1892 kwa makusudi ili akamatwe na sheria ile ipingwe mahakamani. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 majaji wakahalalisha ubaguzi kwa nchi nzima.

Familia ya Herriman haikungoja hukumu. Karibu na mwaka ule wa 1890, mtoto akiwa na miaka kama kumi, walifunga mizigo wakahamia Los Angeles, mji uliokuwa ukijaa wageni wasiojuana. Huko hapakuwa na jirani wa kusema huyu ni mjukuu wa nani. Waliposhuka kwenye treni, mstari wa rangi ulikuwa nyuma yao. Sioni haja ya kuwalaumu. Aliyefanya hivyo alipata kazi, nyumba na shule nzuri ya watoto, na kwa malipo yake akawakata ndugu zake wa damu, makaburi ya wazee wake na lugha ya utotoni. Familia nyingi za New Orleans ziligawanyika namna hiyo, upande mmoja ukawa mweusi na mwingine mweupe, wasitembeleane tena.

Baba alitaka kijana ashike kazi ya maana. Kijana alitaka kuchora. Mwaka 1900 alidandia treni ya mizigo hadi New York, akajitafutia riziki katika viwanja vya starehe vya Coney Island, mara akipaka rangi mabango, mara akiita watu waingie kwenye maonyesho. Mwaka uliofuata michoro yake ikaanza kupokewa na jarida la vichekesho la Judge, kisha na New York World, gazeti la Joseph Pulitzer.

Miaka hiyo ndiyo vibonzo vya magazeti vilipokuwa vikizaliwa. Pulitzer na mpinzani wake William Randolph Hearst walikuwa katika vita vya kugombea wasomaji, na waligundua kwamba ukurasa wa katuni za rangi wa Jumapili huuza gazeti kuliko tahariri kumi. Wahamiaji waliofika juzi kutoka Italia, Poland na Urusi, Kiingereza hawakijui vizuri, walielewa mchoro. Wachoraji wakawa wananyakuliwa kama wachezaji wa mpira wanavyonyakuliwa siku hizi, leo kwa Pulitzer, kesho kwa Hearst. Herriman naye alihamahama hivyo kwa karibu miaka kumi, kati ya New York na Los Angeles.

Kati ya kazi zake za mwanzo kuna moja iliyodumu wiki chache tu za mwaka 1902, iitwayo Musical Mose. Mose ni mwanamuziki mweusi anayejigeuza mtu wa taifa jingine ili apate kazi ya kupiga muziki. Anavaa mavazi ya watu hao, anapiga ala zao, na mambo yanakwenda vizuri mpaka wanapomgundua. Hapo anapigwa vibaya. Herriman alikuwa na umri wa miaka 21, akifanya kazi katika chumba cha habari cha weupe watupu. Alichora sura za watu weusi kwa mtindo wa dhihaka uliozoeleka magazetini wakati ule, midomo mikubwa na macho ya kutoka, na mtindo huo unachukiza leo kama ulivyostahili kuchukiza jana. Ila kisa chenyewe, cha mtu anayejigeuza ili ale na anayetandikwa akijulikana, kilitoka kwa mtu aliyekijua kwa ndani.

Julai ya mwaka huohuo alimwoa Mabel Bridge, msichana wa Kizungu waliyefahamiana Los Angeles. Sheria ya California ilikataza ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi au chotara, na iliendelea kukataza hadi ilipotenguliwa mwaka 1948. Kama mtu yeyote angekwenda New Orleans akafukua kile cheti, ndoa ingehesabika batili mbele ya sheria. Walizaa mabinti wawili, Mabel, ambaye walimwita Toots, na Barbara, waliyemwita Bobbie.

Kazini wenzake walijiuliza. Ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde, nywele zake za kusokotana, na hakupenda kueleza asili yake. Rafiki yake Tad Dorgan, mchoraji wa habari za michezo, aliyetoa majina ya utani kwa kila mtu, alimwita Mgiriki kwa sababu hakujua amweke wapi, na jina likashika. Herriman aliliacha lishike. Katika picha karibu zote zilizobaki amevaa kofia, ndani ya nyumba na nje, na waliomjua walisimulia kwamba hakupenda kuivua.

Alipokuwa akichorea gazeti la Hearst la Los Angeles, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa michezo, hasa ngumi. Wakati huo bingwa wa dunia wa uzito wa juu alikuwa Jack Johnson, mtu mweusi, na Marekani ya weupe ilikuwa ikimtafutia Mzungu wa kumshusha. Walimtoa Jim Jeffries kwenye ustaafu, na tarehe 4 Julai 1910 wakapambana mjini Reno. Johnson alimmaliza katika raundi ya 15. Usiku ule katika miji mingi watu weusi walishambuliwa na kuuawa kwa sababu mwenzao ameshinda pambano. Siku 22 baadaye, panya mweupe akamrushia paka mweusi kitu kichwani. Michael Tisserand, mwandishi wa New Orleans aliyetoa wasifu mkubwa wa Herriman mwaka 2016, ameyaweka matukio hayo mawili karibu, na nadhani amefanya vema. Sidai kwamba paka yule ni Johnson. Mchoraji anayefanya kazi kila siku huchota kutoka katika kila kinachomzunguka, na kilichokuwa kimemzunguka Herriman majira yale ni ghasia hizo.

Nafasi ya chini ya sakafu ilianza kupendwa kuliko ghorofa. Tarehe 28 Oktoba 1913 Krazy Kat alipewa kibonzo chake mwenyewe cha kila siku, na tarehe 23 Aprili 1916 akapewa ukurasa mzima wa Jumapili.

Kisa ni kimoja, na hakibadiliki. Krazy, paka mweusi, anampenda panya aitwaye Ignatz. Ignatz hamtaki, na furaha yake kubwa maishani ni kumtwanga Krazy kichwani kwa tofali, ambalo hununua kwa Kolin Kelly, mbwa mfyatua matofali. Krazy akipigwa hupaa kwa furaha, kwa kuwa kwake tofali ni salamu ya mapenzi. Polisi wa mji, mbwa aitwaye Offissa Pupp, anampenda Krazy kimya kimya, na kila siku anajaribu kuzuia tofali lisirushwe. Akishindwa humfunga Ignatz jela, iliyojengwa kwa matofali hayohayo. Krazy akimwona Ignatz jela husikitika. Katika ukurasa mmoja Herriman alieleza chanzo cha jambo hilo: zamani katika Misri ya kale, panya wa kiungwana alichonga maneno ya mapenzi juu ya tofali na kumrushia paka malkia, na tangu hapo ukoo wa paka haujasahau.

Herriman alivuta kila kitu kinachoweza kuvutwa kutoka katika kisa hicho. Hakuamua kama Krazy ni dume au jike. Wiki hii alimwita hivi, wiki ijayo vile, na wasomaji walipomuuliza alijibu kwamba Krazy ni kama kijini, hafungwi na mambo hayo. Alimpa Krazy Kiingereza cha peke yake, kilichokorogwa na Kifaransa cha New Orleans, Kihispania cha Los Angeles na Kiyidi cha mitaa ya New York.

Kisha kuna mandhari. Vituko vyote hutokea Coconino, wilaya iliyopo kweli huko Arizona, lakini Herriman aliichanganya na Monument Valley, ambako minara ya miamba myekundu inasimama yenyewe katikati ya jangwa. Tazama ukurasa mmoja wa Jumapili kwa makini. Krazy na Ignatz wamesimama wakizungumza, hawajasogea hata hatua. Katika kisanduku cha kwanza nyuma yao pana mwamba. Katika cha pili mwamba umekuwa mti. Katika cha tatu ni nyumba. Mbingu imekuwa nyeusi, mwezi unaning'inia kama kipande cha ganda la tikiti. Hakuna mhusika anayeshangaa. Visanduku vyenyewe havikai kwenye mistari. Kimoja ni duara, kingine kimelala upana wote wa ukurasa, kingine hakina mpaka kabisa na mhusika anatembea katika karatasi tupu. Kingo zimepambwa kwa zigizaga za mablanketi na vyungu vya Wanavajo. Mistari yake ya nibu inakwaruza, inatetemeka kidogo, inaonekana kama imechorwa sasa hivi. Wachoraji wengine wa enzi ile walichora nadhifu kuliko yeye. Aliyechora kwa uhai kuliko yeye sijamwona.

Arizona haikuwa ndoto tu kwake. Alikuwa akisafiri kwenda Kayenta, kwenye duka la John na Louisa Wetherill, Wazungu walioishi miongoni mwa Wanavajo, na akakaa nao mara nyingi. Alilipenda jangwa lile kupita mahali pengine popote.

Wasomaji wengi wa magazeti hawakumwelewa. Wahariri walilalamika kwamba kibonzo hakina maana, na wengine walikitupa nje ya kurasa zao. Aliyekiokoa ni Hearst mwenyewe. Tajiri huyu ambaye magazeti yake yalichochea vita na kueneza chuki dhidi ya watu wa Asia na Mexico alimpenda Krazy Kat na hakuruhusu aguswe. Ukurasa wa Jumapili uliwekwa katika sehemu ya sanaa na tamthilia ili upate wasomaji wanaoufaa. Herriman alilipwa dola 750 kwa wiki, fedha nyingi sana kwa siku hizo, hata vibonzo vyake vilipokuwa vikichapishwa na magazeti takriban 35 tu wakati vya wenzake vilikuwa katika mamia. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuomba apunguziwe mshahara kwa kuona haya, na Hearst akakataa.

Wasanii nao walikuwa wameshaona. Mwaka 1922 mtunzi wa muziki John Alden Carpenter alitoa dansi ya jukwaani ya Krazy Kat mjini New York, kwa muziki wenye ladha ya jazi, Herriman akichora mapazia. Mwaka 1924 mhakiki Gilbert Seldes alitoa kitabu The Seven Lively Arts, akampa Krazy Kat sura nzima na kumweka juu kabisa katika sanaa ya Marekani ya siku zake. Sifa kama hiyo haikuwahi kutolewa kwa katuni ya gazeti. Herriman aliipokea kwa aibu. Wote waliomfahamu wamesema hivyo: mtu mpole, mnyenyekevu, aliyejaza nyumba mbwa na paka, asiyependa kuona mnyama akiteswa.

Kati ya kurasa za miaka hiyo kuna moja ambayo kila ninapoirudia inanishika. Krazy anatumbukia kwenye chokaa na kutoka mweupe pe. Ignatz anamwona kwa mbali, hamtambui, na moyo unamwenda mbio kwa uzuri wa kiumbe yule mweupe. Anamfuata, anamtazama kwa mahaba. Chokaa ikitoka na weusi ukirudi, Ignatz anagundua ni Krazy yuleyule, na tofali linaruka. Siku nyingine Herriman aliugeuza mchezo: Ignatz akawa mweusi, na Krazy, ambaye siku zote anamwabudu, hakumtaka. Haya yalichapishwa katika magazeti ya nchi ambayo katika baadhi ya majimbo yake watu weusi walikuwa wakinyongwa mitini. Mchoraji alikuwa amekaa na kofia yake kichwani, mume wa Mzungu, katika jiji ambalo hati za viwanja vya mitaa yake mingi zilikataza kuuziwa mtu mweusi. Alikuwa akisema kwamba anayependwa na anayepigwa ni yuleyule, na kilichobadilika ni rangi ya juu tu. Hakuna mhariri aliyezigusa kurasa hizo.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mwaka 1931 Mabel alikufa katika ajali ya gari. Mwaka 1939 Bobbie alifariki akiwa na miaka 30. Herriman hakuoa tena. Aliugua yabisi ya viungo na maumivu makali ya kichwa, lakini kurasa hazikudhoofika. Kuanzia 1935 ukurasa wa Jumapili ulichapwa kwa rangi, na alizitumia rangi hizo kwa ujasiri wa kijana: mbingu za machungwa, mchanga wa zambarau, giza jeusi tititi katikati ya mchana.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Los Angeles tarehe 25 Aprili 1944, akiwa na miaka 63. Binti yake Toots alitoa maelezo ya cheti cha kifo: marehemu alikuwa Mzungu, baba yake alizaliwa Paris, mama yake Alsace-Lorraine. Majivu yake yalimwagwa kutoka kwenye ndege juu ya Monument Valley. Kurasa alizokuwa amezimaliza ziliendelea kutoka hadi tarehe 25 Juni, na katika ule wa mwisho Offissa Pupp anambeba Krazy kutoka majini. Kwa kawaida mchoraji akifa, kampuni ya vibonzo humtafuta mwingine aendeleze wahusika, maana wahusika ni fedha. Hearst aliamuru Krazy Kat kisiendelezwe na mtu yeyote. Miaka miwili baadaye vibonzo vyake vilikusanywa katika kitabu, na mshairi E. E. Cummings akakiandikia utangulizi.

Ulipita muda mrefu. Mwaka 1971 msomi wa sosholojia Arthur Asa Berger, akiandaa maelezo ya Herriman kwa ajili ya kamusi ya wasifu wa Wamarekani, aliomba New Orleans cheti cha kuzaliwa. Kikaja, na neno la karani wa mwaka 1880 likiwamo. Baadhi ya wapenzi wa Krazy Kat walikataa kuamini na wakabishana juu ya kilichomo miaka mingi. Waandishi weusi hawakuona cha kubishania. Mwaka 1972 Ishmael Reed alipotoa riwaya yake Mumbo Jumbo, inayohusu New Orleans, muziki na watu weusi walioivuruga Marekani kwa furaha yao, alimtabarukia Herriman pamoja na wengine, akamtaja waziwazi kuwa Mmarekani mweusi aliyemuumba Krazy Kat. Ilikuwa miaka 28 tangu afe.

Tisserand alipokwenda kwenye kumbukumbu za New Orleans miongo kadhaa baadaye, aliwapata wazee wa Herriman mmoja mmoja: kodi walizolipa, kesi walizoshiriki, vyama vyao vya kupigania haki ya kupiga kura. Babu fundi cherehani na wenzake walikuwa wamesimama hadharani kudai haki zao. Mjukuu alirithi ukaidi ule. Aliupeleka kwenye ukurasa wa vichekesho, na huko ukachapishwa kwa maelfu ya nakala, wiki baada ya wiki, kwa gharama ya William Randolph Hearst.